Kabla ya Kupiga Marufuku Kibodi, Tuangalie Meza Kwanza

Najua wengi mko kwenye msimu wa testi na wengine mnasubiri bumu kama mkulima anavyosubiri mvua za vuli, kwa hiyo siwachoshi na utangulizi. Leo nina hoja moja tu. Hapa hosteli kwetu kumeanza kampeni ya chini kwa chini ya kutaka kibodi zote za kimekanika zipigwe marufuku kuanzia saa nne usiku, vyumbani na hata kwenye chumba cha kujisomea. Karatasi ya kukusanya sahihi inapita mlango kwa mlango. Mimi sijasaini na sitasaini, na nataka niseme kwa nini.

Msinielewe vibaya. Wanaolalamika wana haki zote. Ukiwa na testi saa mbili asubuhi halafu saa saba usiku kuna mtu anapiga taka taka taka mita mbili kutoka kwenye mto wako, huo si usingizi, ni adhabu. Na hili si suala la kudeka. Shirika la Afya Duniani kwenye miongozo yake ya kelele ya mwaka 1999 lilipendekeza kwamba ndani ya chumba cha kulala usiku kelele kwa wastani isizidi desibeli 30, na mlio mmoja mmoja wa ghafla usizidi desibeli 45. Desibeli 30 ni kama mtu anayenong'ona. Kwa hiyo mwenye kulala ana hoja, tena nzito.

Ila upande wa pili nao una watu. Jirani yangu mmoja wa korido hii anajilipia sehemu ya ada kwa kuchapa ripoti za utafiti za watu wa mwaka wa mwisho. Kibodi ya laptopu yake ilikufa baada ya kumwagikiwa chai, akaenda Kariakoo akapata ya mtumba ya kimekanika, ambayo ndiyo inampa ugali. Kazi zenyewe zinakuja jioni na zinatakiwa asubuhi. Mkimwambia saa nne mwisho, mnamwambia mwakani asirudi chuo. Hiyo ndiyo bei halisi ya ile karatasi inayopita milangoni, na naona watu wanaisaini kama vile wanasaini mahudhurio ya lekcha.

Sasa hoja yangu ni hii: sehemu kubwa ya kelele tunayoilalamikia haitoki kwenye kibodi. Inatoka kwenye meza. Tunataka kumfunga ngoma, aliyepiga tunamwacha!

Tuanze na kibodi yenyewe, kwa wale ambao mnaisikia tu usiku na hamjawahi kuifungua. Kibodi nyingi za kawaida zina kibonye laini cha mpira chini ya kila kitufe. Ya kimekanika, kila kitufe kina swichi yake yenye springi na kijiti cha plastiki kinachopanda na kushuka. Muundo ulioigwa na wengi ni ule wa kampuni ya Cherry ya Ujerumani unaoitwa MX, ulioingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hataza yake ilipoisha muda, viwanda vingi vya China vikatoa za kufanana nayo, ndiyo maana siku hizi hata mwanafunzi anaweza kuwa nayo. Swichi hizo zinatofautishwa kwa rangi. Nyekundu inashuka laini moja kwa moja. Kahawia ina kigingi kidogo unachokisikia kwa kidole. Bluu ina kipande ndani kinachopiga 'klik' kwa makusudi kabisa, kila unapobonyeza.

Kitufe cha swichi hizi husafiri kama milimita 4 hivi hadi chini, lakini kompyuta inapokea herufi kitufe kikiwa njiani, karibu na milimita 2. Mtu anayechapa kwa nguvu anashusha kitufe mpaka kinagonga mwisho, halafu kikirudi juu kinagonga tena. Yaani kila herufi ina vishindo viwili. Chukua mchapaji wa kawaida wa maneno 40 kwa dakika. Kwa hesabu inayozoeleka ya herufi tano kwa neno, hiyo ni mibonyezo 200 kwa dakika, 12,000 kwa saa. Vishindo 24,000 kwa saa moja! Sasa jiulize, vishindo hivyo vinakwenda wapi?

Vinagawanyika njia mbili. Sehemu inapita hewani moja kwa moja hadi sikioni. Sehemu nyingine inashuka kupitia gamba la kibodi, inapita kwenye vile vimiguu vya mpira chini yake, inaingia mezani. Na hapo ndipo mchezo unapoanza. Kibodi ni kitu kidogo. Meza ni ubao mpana. Ubao mpana ukitikisika hata kidogo sana, unasukuma hewa nyingi kuliko kitu kidogo kinavyoweza.

Hili wote tunalijua ila hatujalipa jina. Weka simu yako kwenye mtetemo, ilaze juu ya mto, mpigie mwenyewe kwa simu ya mshikaji. Husikii kitu cha maana. Halafu ilaze mezani upige tena. Nyumba nzima inajua unapigiwa! Simu ni ile ile, mtetemo ni ule ule, kilichobadilika ni ilipolala. Au mkumbuke kile kichuma chenye umbo la uma tulichokuwa tunagonga maabara sekondari: ukikishika mkononi kinalia kwa mbali, ukigusisha mpini wake mezani darasa zima linasikia. Hata nyuzi za udi ukizifunga kwenye ukuta wa zege hazitaimba. Kinachoimba ni lile tumbo la mbao nyembamba.

Na mama zetu wanaoishi nyumba za kupanga wanalijua hili bila kusoma fizikia. Ukiweka kinu juu ya sakafu ya saruji ukaanza kutwanga, chumba cha mwisho wanasikia. Weka gunia lililokunjwa chini ya kinu, majirani hawakununii tena. Hawakupiga marufuku kutwanga, jamani. Waliweka gunia.

Hata maofisini ilikuwa hivyo hivyo. Enzi za taipureta, ambazo kwa kelele hizi kibodi zetu ni watoto wadogo, kulikuwa na vipande vya kitambaa kinene cha sufu iliyoshindiliwa vilivyouzwa maalumu kwa kuweka chini ya mashine. Mashine haikubadilishwa, sekretari hakufukuzwa. Kiliwekwa kitu kati ya chuma na mbao.

Sasa twende kwenye meza zetu, maana si zote zinafanana.

Meza zetu za vyumbani, mnazijua, ni ubao mwembamba wa unga wa mbao uliogandishwa, umefungwa juu ya fremu ya bomba la mraba. Chini yake kuna droo tupu, au mahali palipokuwa na droo. Kwa kelele hii ndiyo mbaya kuliko zote. Ubao ni mwepesi, skrubu zimelegea, na ile droo tupu ni tumbo la udi. Igonge kwa kifundo cha kidole usikie: inajibu 'dumm'. Kila herufi ya mwenzako inajibiwa hivyo.

Kuna zile meza nyepesi za kisasa zinazouzwa zikiwa kwenye boksi, ambazo ukizibeba unashangaa wepesi wake. Nyingine ndani hazina mbao kamili, zina karatasi ngumu zilizopangwa kama masega ya nyuki katikati ya vibao viwili vyembamba. Ni nzuri kwa kuhamisha chumba, kwa kuchapa usiku ni ngoma yenye ngozi mbili.

Meza ya mninga mnene, kama zile za zamani kwenye maktaba, ni habari nyingine. Ni nzito, na kitu kizito hakitikisiki kirahisi kwa kishindo cha kidole. Kibodi ile ile inasikika ndogo, kama vile imetiwa adabu.

Halafu kuna kimbweta. Kimbweta ni zege, hakitikisiki hata ukikipanda. Kwa hiyo ile sauti ya 'dumm' haipo kabisa. Kinachobaki ni mlio mwembamba wa plastiki, mkali ukiwa karibu, lakini ukisogea hatua kumi umeshamezwa na upepo na stori za watu. Shida ya kimbweta ni kwamba uso wake una vijiwe na mabonde, kibodi haikai kwa miguu yote minne, inacheza, inatoa sauti ya meno kugongana.

Meza ya chuma tupu ndiyo msiiguse usiku. Bati jembamba likigongwa linaendelea kulia baada ya kugongwa. Na kioo je? Kioo ni kigumu na kinarudisha mlio mwembamba wote juu, kibodi inasikika kali kama vijiko sinkini.

Basi mkeka unafanya nini? Mkeka kazi yake ni shokamzoba. Daladala bila shokamzoba kila shimo la barabara linafika mgongoni mwako. Yenye shokamzoba nzima, shimo lipo lile lile, ila linaishia kwenye magurudumu. Kibodi ndiyo uzito, mkeka ndiyo springi, meza ndiyo abiria. Kishindo kinashuka, mkeka unaminyika kidogo, meza inabaki imelala. Na kadiri kibodi ilivyo nzito ndivyo mkeka unavyofanya kazi vizuri zaidi, maana uzito mkubwa juu ya springi laini hauhangaiki na vishindo vya haraka haraka. Ile Model M ya IBM ya mwaka 1985 ilikuwa na zaidi ya kilo 2, ukiiweka imeweka. Hizi zetu za plastiki nyepesi zinaruka ruka, kwa hiyo zenyewe ndizo zinahitaji msaada zaidi wa chini.

Mikeka inayouzwa kwa wacheza gemu mingi ni kitambaa juu na mpira chini, unene wa milimita 3, 4 au 5, na ile mikubwa ina urefu wa milimita 900 kwa upana 400 hivi, inabeba kibodi na mausi pamoja. Kwa kelele, cha muhimu ni ule mpira na unene wake. Mkeka wa milimita 4 una faida kuliko wa 2. Mikeka migumu ya plastiki au kioo, ambayo wacheza gemu wanaipenda kwa sababu mausi inateleza, kwa suala letu haisaidii kitu. Ya ngozi bandia nyembamba inasaidia kidogo tu.

Lakini nani kasema lazima ununue? Hapa ndipo ninapogombana na wale wanaosema 'mkeka ni gharama nyingine kwa maskini'. Kata vipande vinne vya kandambili iliyokatika, weka kwenye kona nne za kibodi chini. Umemaliza. Au taulo kuukuu lililokunjwa mara mbili. Au kipande cha zulia kinachobaki kwa mafundi, ambacho wengi watakupa bure ukiomba vizuri. Angalizo moja: usikimbilie sponji nene la godoro. Likiwa laini kupita kiasi kibodi inazama upande mmoja na kuyumba kama ngalawa, unaishia kubonyeza kwa nguvu zaidi na mikono inachoka. Kitu kinachobonyea kidogo halafu kinarudi, ndicho unachotaka.

Na wakati uko hapo chini, kunja vile vimiguu vya nyuma vinavyoinua kibodi. Ukiviinua unaacha uwazi chini ya kibodi, na mara nyingi kibodi inasimama juu ya ncha mbili ngumu za plastiki badala ya mpira wake. Inapiga meza kama fimbo.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye chumba chetu ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, na sijasikia mtu akilisema kwenye huu mjadala. Ni meza inayogusa kitanda. Vitanda vyetu ni vya deka, vya chuma. Chumba ni kidogo, watu ni wengi, na ukiongeza waliobebwa ndiyo kabisa, kwa hiyo meza inasukumwa mpaka inaegemea fremu ya kitanda. Sasa hapo kishindo hakihitaji hata hewa. Kinatoka kwenye kidole, kinaingia mezani, kinaingia kwenye bomba la kitanda, kinapanda mpaka kwenye kichwa cha aliyelala juu. Tukaisogeza meza vidole viwili tu kutoka kwenye kitanda. Aliyekuwa analala juu, ambaye alikuwa ananuna wiki nzima, aliuliza kama jamaa kahamia maktaba. Hiyo haikugharimu hata shilingi. Ukuta nao hivyo hivyo: kama vyumba vyenu vimetenganishwa kwa mbao nyembamba na meza inagusa ukuta, jirani wa pili unamchapia na yeye.

Sasa niwe mkweli ili asije mtu kusema nauza mikeka. Mkeka hauzimi kila kitu. Unashughulika na ile njia ya kupitia mezani. Ile njia ya hewani inabaki karibu vile vile. Kibodi yenye swichi za bluu, ile 'klik' inazaliwa ndani ya swichi yenyewe, juu kabisa, hata ukiiweka juu ya magodoro matatu italia. Kama gamba la kibodi ni tupu ndani na linatoa sauti ya ndoo, mkeka utapunguza kidogo tu. Na mtu anayechapa kwa hasira, kama vile herufi zinamdai, hakuna mkeka wa kumsaidia. Huyo ajifunze tu kwamba herufi inaingia kitufe kikiwa nusu ya safari, hana haja ya kukipeleka mpaka kuzimu.

Kwa hiyo unajuaje tatizo lako ni meza au ni kibodi? Fanya jaribio hili leo leo, halina gharama. Mtu mmoja alale kitandani, afumbe macho. Mwingine achape mistari mitatu kibodi ikiwa mezani kama kawaida. Halafu aichukue kibodi aiweke mapajani, au juu ya mto, achape mistari ile ile kwa kasi ile ile. Kilichopungua ndicho kilichokuwa cha meza. Kilichobaki ni cha kibodi na mkono wa mchapaji. Ukiona tofauti ni kubwa, tafuta mkeka. Ukiona tofauti ni ndogo, basi swichi zako ndizo zenye kesi na hapo ndipo tuzungumze lugha nyingine.

Kwa kupitia hapo hapo niseme na wale wanaotaka kununua. Msinunue kibodi kwa kusikiliza video. Mtu amekaa huko Marekani au Korea, kibodi yake iko juu ya meza ya mbao nene, juu ya mkeka mnene, kipaza sauti kiko sentimita chache kutoka kwenye vitufe. Inatoa mlio mzito mtamu kama kete za bao zinavyoangukia shimoni. Wewe unaitandika bumu lote, unaileta kwenye meza yetu hii ya unga wa mbao, inalia kama mvua ya mawe kwenye bati. Hujatapeliwa kibodi, mshikaji. Ulichosikia kwenye video nusu yake ilikuwa fanicha.

Narudi kwenye ile karatasi ya sahihi. Tatizo langu nayo si kwamba ni kali. Tatizo ni kwamba inahukumu aina ya kifaa badala ya kelele. Ikipita kama ilivyoandikwa, mwenye kibodi ya swichi nyekundu juu ya taulo, ambaye huwezi kumsikia ukiwa mlangoni, atakuwa mhalifu. Na mwenye kibodi ya kawaida ya bei chee anayeitwanga juu ya meza tupu inayogusa kitanda cha mwenzake atakuwa raia mwema. Hiyo ni haki ya wapi? Halafu atakayesimamia ni nani? Kiongozi wa bloku atapita saa sita usiku anafungua vitufe kuangalia rangi ya swichi? Tutaishia kwenye majungu, kila mtu anamshtaki asiyempenda.

Wengine wananiambia, 'sheria rahisi ndiyo inayofuatwa, hayo ya mkeka ni longolongo'. Nawaelewa. Lakini sheria rahisi inaweza kuwa hii: baada ya saa nne usiku hakuna kibodi kuwekwa juu ya meza tupu. Ya aina yoyote. Hata laptopu ya mtu anayebonyeza kwa nguvu. Hiyo ni rahisi kuona kwa macho, haihitaji utaalamu, na haimnyimi mtu riziki.

Ningekuwa mimi ndiye ninayeandika ile karatasi, ningeweka mambo manne. Kwanza, kitu laini chini ya kila kibodi usiku, cha kununua au cha kandambili, shauri yako. Pili, meza isiguse kitanda wala ukuta, hata kwa kidole kimoja. Tatu, swichi za bluu zisitumike usiku kwenye chumba chenye mtu aliyelala. Hapo sina huruma, maana ile 'klik' imetengenezwa isikike na itasikika. Mwenye nazo ahamie chumba cha kujisomea. Nne, mwamuzi awe yule aliyelala, si yule anayechapa. Anayechapa sikio lake limeshazoea na lina kazi nyingine. Aliyelala akisema bado, ni bado.

Na kwa wanaoshika hela ya hosteli, ambao najua mnapita hapa kimya kimya: zile meza za chumba cha kujisomea hazihitaji kubadilishwa zote. Kazeni skrubu. Wekeni raba chini ya miguu yake, maana nazo zinapiga sakafu na chumba cha chini wanatusikia. Tandikeni zulia la mpira juu ya meza mbili tatu za kona, ziitwe meza za wachapaji. Mtu mwenye ripoti ya kesho asubuhi ajue pa kwenda, na mwenye testi ya kesho asubuhi ajue kwamba kwake pametulia. Hawa wote ni wanafunzi wa chuo kimoja, na wengine ni wa chumba kimoja.

Hayo ni maoni yangu, mnaruhusiwa kuyapiga mawe. Ila kabla ya kurusha jiwe, na kabla ya kusaini, fanyeni lile jaribio la kitandani halafu mseme mmesikia nini. Aliyekwisha kusaini na akaona ameonea mtu, karatasi bado iko kwa mwakilishi wa korido, jina linafutika.

Nawasilisha.